MJADALA: Mbwa mdogo aliyepooza miguu, alelewe au auawe kwa sindano?

Wakuu, salaam. Jana jirani yangu hapa Tabata aliniambia mbele za watu kwamba namtesa mbwa wangu, na kwamba ningekuwa na huruma ningemwita bwana mifugo aje ammalize. Sikumjibu pale, lakini lile neno nimelala nalo. Naleta mada.

Popi ni mbwa koko, hata kilo sita hafiki. Miaka mitatu iliyopita bodaboda ilimpitia mgongoni, akakutwa mtaroni. Waliomwokota walimtafutia mlezi. Kila aliyekuja kumwona alimsifia macho, kisha akauliza kama hakuna mwingine anayetembea.

Daktari wa mifugo alimbana kidole cha mguu wa nyuma kwa koleo, kwa nguvu hasa. Mguu ukajikunja, nikafurahi. Akaniambia, "Usiangalie mguu, mwangalie usoni." Popi alikuwa anatazama mlangoni, hana habari. Mguu unaweza kujikunja wenyewe bila taarifa kufika kichwani. Mbwa anayelia au kugeuka akibanwa ana nafasi nzuri ya kutembea tena. Asiyehisi kabisa, nafasi yake ni ndogo.

Tangu siku ile nina maswali mawili tu: anaumwa? Na nani atakuwepo nyumbani saa sita mchana? Mbwa mwenye maumivu yasiyotulizika, sindano ni huruma, sibishi. Popi haumwi. Ila hawezi kukojoa mwenyewe. Mara nne kwa siku namlaza ubavu, naweka vidole pande mbili za tumbo karibu na nyonga, nabana taratibu mpaka mkojo uishe. Ukibaki kibofuni, maambukizi hayachelewi. Jioni namkagua makalio kama kuna wekundu, maana kidonda cha kujiburuza kikishachimbika kupona ni kazi. Kutembea, napitisha kipande cha khanga chini ya tumbo namnyanyua nyuma, yeye anakimbia kwa miguu ya mbele mpaka mimi ndiye ninayehema. Siku hizi ana kigari, fundi alikiunga kwa mabomba ya plastiki na magurudumu ya baiskeli ya mtoto.

Kwa hiyo anayesema mbwa wenye ulemavu wauawe wote, namkatalia. Wa miguu mitatu anajimudu mwenyewe. Kipofu anaikariri nyumba kwa pua, ilimradi usihamishehamishe vitu. Kiziwi anafundishika kwa ishara za mikono. Lakini namkatalia vilevile anayempa mbwa kama Popi mtu anayetoka alfajiri na kurudi usiku. Huyo mbwa atashinda kwenye mkojo wake, na hayo ndiyo mateso anayoyasema jirani yangu.

Karibuni.

MCHANGIAJI: Mleta mada, mtaani kwetu kuna mtoto anatambaa kwa kukosa kiti cha magurudumu. Wewe unamwundia mbwa kigari. Huoni vibaya?

MLETA MADA: Naona vibaya, mkuu, tena sana. Kigari cha Popi ni mabaki ya mabomba na kazi ya asubuhi moja. Kiti cha mtoto kinatakiwa kipimwe na mwili wake, na ni wajibu wetu sote na serikali yetu. Ukianzisha mchango kwa ajili ya huyo mtoto, niandike wa kwanza. Lakini hakukosa kiti kwa sababu ya Popi, na Popi akifa kesho mtoto bado atatambaa.

MCHANGIAJI: Sisi huku Tanga mate ya mbwa ni najisi, ndugu yangu. Kumshikashika kutwa mara nne, swala unaswalije?

MLETA MADA: Nakuelewa kabisa, na mimi nimekulia nyumba hiyohiyo. Popi anakaa bandani, uani. Nina glavu na nguo za kazi yake, na najisi ina namna yake ya kutwaharishwa: kuosha mara saba, moja kwa udongo. Tumefundishwa pia habari za mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Hakuambiwa kwanza aulize kama yule mbwa ni safi.

MCHANGIAJI: Umenigusa. Hapa nyuma ya soko kuna mmoja tangu juzi miguu haiendi, taya limelegea, anadondosha mate. Nikamchukue?

MLETA MADA: Usimguse! Kichaa cha mbwa si lazima aje mkali anang'ata ovyo, kuna cha kupooza, na taya kulegea na mate kudondoka ni dalili zake. Zuia watoto wasisogee, piga simu kwa bwana mifugo wa kata sasa hivi. Kama ulishamshika na mate yakagusa mchubuko wowote, au amekung'ata hata kidogo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu uende hospitali leo hii ukachomwe chanjo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hata madaktari hawana la kufanya. Ukishatoka huko niandikie hapa, nasubiri.