Laini mbili za intaneti: moja inajaa kila jioni, nyingine imelala. Nifanyeje?

Fundi_Jinja: Habari za saa hizi, wakuu. Naendesha mtandao mdogo wa kusambaza intaneti hapa Jinja, Uganda, wateja wengi ni majumba na hosteli. Tuna namba yetu ya AS (utambulisho wa mtandao wetu kwenye intaneti), kundi moja la anwani la /23 (anwani 512), na watoa huduma wawili wa juu; kila mmoja katupa laini ya Gbps 1. Ikifika saa mbili usiku laini ya A imejaa pomoni, video zinakwama, simu za malalamiko haziishi. B haifiki hata robo. Nimempa B kipaumbele kwenye ruta, trafiki ya kutoka ikahamia kwake kweli, ila ya kuingia imeng'ang'ania A. Bosi anataka tuongeze uwezo kwa A. Mimi naona ni kutupa hela.

Mama_Ruta: Bosi asubiri kwanza. Kipaumbele ulichoweka kinaamua pakiti zako zitokee wapi, basi. Za kuingia wanaamua wenzako huko nje, na kwa wateja wa majumbani karibu mzigo wote ni wa kuingia. Igawe hiyo /23 iwe nusu mbili za /24: ya kwanza itangaze kwa A, yaani mitandao ya nje ijue inafikika kupitia kwake, ya pili kwa B, na /23 nzima kwa wote wawili. Ruta hufuata tangazo lililobainishwa zaidi, yaani la kundi dogo zaidi, kwa hiyo kila nusu itapita kwake. Laini moja ikikatika, /23 inaokoa. Usikate zaidi ya hapo, kipande kidogo kuliko /24 wengi hukichuja. Na angalia ROA yako (cheti kinachosema AS ipi inaruhusiwa kutangaza anwani zako) kwa AFRINIC, wasajili wa anwani za Afrika: kama hairuhusu hadi /24, matangazo yako yatahesabiwa batili.

Kijana_Ntinda: Si arudierudie tu namba yake ya AS upande wa A, njia ionekane ndefu? Dakika tano kazi imekwisha.

Mama_Ruta: Itapunguza kidogo tu, mdogo wangu. A kwa kawaida huipa njia ya moja kwa moja ya mteja wake kipaumbele, na kipaumbele huangaliwa kabla ya urefu wa njia.

Mzee_wa_Malaba: Mnazungumzia ruta, hakuna aliyeuliza waya unapita wapi. Sisi hatuna bahari. Huenda A na B wote wanashuka mpaka wa Malaba hadi Mombasa, shimo lileile. Dai ramani. Mmoja akipitia Mutukula, mpakani na Tanzania, kwenda Dar es Salaam, afadhali. Halafu uliza na kebo ya baharini: Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika pamoja karibu na Afrika Kusini, tukaumia wote. Na UIXP Kampala, kituo ambapo mitandao ya Uganda hubadilishana trafiki, umejiunga? Trafiki ya humu nchini haina sababu ya kulipiwa safari ya nje.

Fundi_Jinja: UIXP bado. ROA nimeikagua, inaishia /23, nairekebisha leo. Ila hosteli zote zinatokea nusu moja ya anwani. Si B naye atajaa?

Mama_Ruta: Atajaa. Kama wako nyuma ya NAT (wengi wakitumia anwani moja ya nje), hamishia nusu ya hosteli kwenye kundi lile lingine la anwani, wateja hawagusi chochote. Ila ROA isambae kwanza ndipo utangaze.