Besi ya mtumba na amplifaya kwa ajili ya bendi, niangalie nini kabla sijatoa pesa?

Besi_Jambiani

Assalam alaykum jamani. Sisi ni bendi ndogo, tunapiga mahoteli ya huku Paje na Jambiani, mara nyengine Michamvi, na harusi za mjini tukiitwa. Mpaka sasa besi na amplifaya tulikuwa tunaazima kwa wenzetu lakini wao msimu huu wamepata kazi ya kudumu Nungwi kwa hivyo lazima tuwe na vyetu. Tumechanga tumefika milioni 1 na laki 2, zaidi ya hapo hakuna mpaka baada ya Ramadhani.

Kuna jamaa mjini anauza Yamaha ya nyuzi nne kwa laki 5 na nusu, rangi imechubuka lakini inalia vizuri. Huyo huyo ana amplifaya ya kombo, yaani amplifaya na spika ndani ya boksi moja, anasema imetoka Japani, wati 60, spika ya inchi 12, anataka laki 4. Mwengine yuko Dar ana ya wati 150 spika ya inchi 15 kwa laki 7, hiyo nimeona picha tu. Mwenzetu anayepiga solo anasema pesa nyingi tuzieke kwenye gitaa, amplifaya yoyote itafaa, mie naona kinyume chake. Nyie mliokwisha kununua vitu hivi hapa kwetu mnaangalia nini? Na hiyo ya Japani ina tatizo gani maana kuna mtu kaniambia nisiiguse na sababu hakunieleza.

Fundi_Mlandege

Waalaykum salaam. Nianze na ya Japani maana hiyo ndo inaweza kukutia hasarani siku ya kwanza. Umeme wa kule ni volti 100, wetu 230. Ukiichomeka hivi hivi kwenye soketi ya kwetu bahati yako fyuzi ikatike, isipokatika inaungua transfoma na transfoma ya amplifaya kuipata ya saizi yake hapa ni kazi. Geuza nyuma usome kibandiko pale waya wa umeme unapoingia. Kama imeandikwa 100 peke yake ujue utahitaji transfoma ya kushusha umeme, na si ile ndogo ya mashine ya kunyolea, itafute yenye uwezo kama mara mbili ya umeme unaoliwa na amplifaya, na uwe unaibeba kila shoo, na siku mwenzako mmoja akijisahau akachomeka moja kwa moja ndo basi. Nyengine zina swichi nyuma ya kuchagua 115 au 230, hiyo haina neno. Muuzaji akikwambia "nishabadilisha plagi" muulize ndani kabadilisha nini, plagi haishushi volti.

Ukienda kuijaribu usiridhike na dakika mbili. Iwashe kwanza bila ya kuchomeka gitaa usikilize muungurumo, mdogo si tatizo, ukiwa mkubwa na mzito kapasita zimechoka. Halafu iache ipigwe nusu saa kwa sauti ya shoo yenyewe, si ya chumbani, kuna magonjwa hayajitokezi mpaka kitu kipate moto, sauti inaanza kukatika au kupasuka. Zima, eka vidole pande mbili za koni ya spika uisukume taratibu iende sawa sawa. Ukisikia inakwaruza koili imeungua au imekaa upande. Tazama na ile pembe ya koni inayoshikana na chuma, ikiwa imeanza kupasuka besi nzito itaimaliza.

Na mwambie afungue mgongo. Fundi au si fundi utaona mwenyewe: skrubu zikiwa zimeota kutu na kwenye bodi mna ukijani kwenye shaba, hiyo imekaa pwani bila ya kufunikwa na chumvi ishaingia. Mie za namna hiyo naletewa sana kutoka mahotelini, unarekebisha hapa inakufa pale.

Binti_Kikwajuni

Kaka fundi kashamaliza ya umeme, mie niongeze ya gitaa. Napiga besi kwenye kikundi cha taarabu.

Ishike besi kama unalenga bunduki, jicho upande wa daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa, utazame shingo mpaka kichwani, ikiwa imejisokota, upande mmoja umeinuka zaidi ya mwengine, ibwage. Baada ya hapo bana uzi wa E, ule mnene kuliko wote, kwenye freti (vile vichuma vya shingoni) ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, angalia katikati karibu na freti ya saba. Panatakiwa nafasi ndogo tu ya kupita kadi nyembamba. Uzi ukilala kabisa juu ya freti shingo imerudi nyuma, ukiona pengo la kupita sarafu shingo imevutwa mbele. Zote mbili zinarekebishika kwa kile chuma kilichomo ndani ya shingo, wengi wanakiita tras, lakini mwombe muuzaji akuonyeshe nati yake na aizungushe kidogo mbele yako. Ikiwa imeganda kwa kutu usinunue hata akikupunguzia nusu ya bei, kwa unyevu wa huku kwetu mbao inatembea kila masika na kila kaskazi na bila ya hiyo nati huna la kufanya.

Kisha piga kila freti ya kila uzi moja moja mpaka juu, usione haya akikunja uso. Unatafuta sauti inayokufa au kuzizima kwenye freti moja na jirani zake nzima. Volyumu ikikwaruza ukiizungusha huo si ugonjwa, spreyi ya kusafishia kontakti inamaliza, wewe itumie kuteremsha bei. Rangi kuchubuka ndo kabisa haina maana, mimi napenda yangu ipungue bei kwa rangi kuliko kwa kitu chengine chochote. Kama ina betri ya volti 9 ndani fungua kijumba chake uone haijavuja.

Jengine, pima urefu kutoka daraja mpaka pale nyuzi zinapoingia kichwani. Besi nyingi ni inchi 34, kipimo alichoanza nacho mtengenezaji magitaa Fender na besi yake ya Precision Bass mwaka 1951, na nyuzi zake ndo zinazopatikana kirahisi. Kuna za shingo fupi inchi 30, si mbaya, mkono mdogo zinausaidia, ila nyuzi za saizi yake utazitafuta.

Na mwenzenu wa solo namheshimu lakini hapa sikubaliani naye. Gitaa la kawaida kwenye amplifaya nzuri watu wanacheza. Gitaa la ghali kwenye amplifaya ndogo utasikika mwenyewe tu.

Chake_Rizimu

Salamu kutoka Pemba. Mie naona mnampeleka mbali kijana. Nunua besi nzuri, achana na mambo ya wati 150, kamata boksi la DI, kile kiboksi cha kuunganisha gitaa na miksa, chomeka moja kwa moja kwenye miksa, spika kubwa ndo zitafanya kazi. Sisi huku harusi zote tunapiga hivyo na mizigo inapungua, kila safari ya boti unalipia mzigo.

Fundi_Mlandege

Sheikh wangu ni kweli lakini inategemea hizo spika kubwa ni zipi. Harusini mnakodi muziki mzima wenye spika za chini za inchi 18. Hoteli ya Paje wanakutolea spika mbili za plastiki juu ya stendi, na zinabeba sauti ya mwimbaji na kinanda. Uzi wa E wa besi unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde, ile spika ya plastiki huko chini haifiki, inajitahidi inaanza kupasuka na inaharibu na sauti ya mwimbaji. Tena ufukweni hakuna ukuta wala dari, besi inasambaa na kupotea. Wati 60 ndani ya chumba cha mazoezi zinatosha, nje ukiwa na mpiga drams mwenye mkono mzito hazifui dafu.

Besi_Jambiani

Ahsanteni sana. Umeme wa kwetu mnaujua, usiku mwengine wanawasha jenereta katikati ya nyimbo. Na kuna hoteli moja mwimbaji wetu anapigwa shoti kila akigusa maiki huku kashika gitaa. Hiyo inatoka kwenye amplifaya au wapi?

Fundi_Mlandege

Hiyo msiichezee, inaua. Mara nyingi ni athi, ule waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini, ama soketi ya hoteli haina waya wa athi ama amplifaya mtu kaing'oa pini ya athi kuondoa mngurumo. Gitaa liko kwenye athi moja na maiki kwenye nyengine na mtu ndo anakuwa daraja baina yao. Nunua tesa ya soketi, kitu kidogo cha kuchomeka chenye taa tatu, pima kabla ya kupanga vyombo, na vyombo vyote vya jukwaani vitoe umeme sehemu moja. Soketi mbovu waambie wairekebishe, mpaka hapo musipige. Na unayonunua ikiwa imeng'olewa pini mpe fundi airejeshe kwanza. Kwa jenereta eka stebilaiza, na linapobadilishwa zimeni, subirini kidogo ndo muwashe.

Chake_Rizimu

Kwa ufukweni nimekuelewa fundi. Basi kijana ikiwa unachukua ya Dar usitume pesa kwa simu kwa kuona picha. Panda boti, au mwombe mpigaji unayemwamini kule akaijaribu hivyo walivyokwambia. Mwombe picha ya namba ya kiwandani (serial namba) iliyo nyuma, vyombo vya bendi vinaibiwa sana. Ya mjini andikishianeni kwa sheha, majina, namba ya chombo na bei. Kwenye boti usikubali ikae nje sehemu ya mizigo, maji ya chumvi yanaruka, ifunge nailoni na ikae ndani na wewe. Na besi ya laki 5 na nusu yenye rangi iliyochubuka mpe laki 4 na nusu uone, mtakutana laki 5, na ya laki 7 inakaa humo humo.

Besi_Jambiani

Hesabu imekaa sawa kabisa. La mwisho fundi, tuna boksi letu la spika la zamani lenye inchi 15, nyuma limeandikwa 8. Naweza kuliunganisha na hiyo ya Dar tukipiga sehemu kubwa?

Fundi_Mlandege

Soma nyuma ya amplifaya kiwango cha chini cha omu inachokubali, omu ni kipimo cha ukinzani wa spika, ndo hiyo 8 ya boksi lako. Ikiwa 4 na spika yake ya ndani ni 8, ongeza hilo boksi lako, mbili za 8 zikiungwa sambamba zinakuwa 4, salama. Ikiwa ya ndani yenyewe ishakuwa 4, usiongeze kitu, utashuka chini ya kiwango na itaungua. Na tumia waya wa spika mnene, ule wa gitaa ni mwembamba unapata moto.

Binti_Kikwajuni

Na ukishaipata besi nunua nyuzi mpya siku hiyo hiyo, zile za zamani mpe anayefanya mazoezi. Kila ukimaliza kupiga pitisha kitambaa kikavu chini na juu ya kila uzi kabla hujaifunga kwenye begi.