Tupeane uzoefu: ratiba ya mwaka wa kwanza Politekniki

Mwana Kasapa
Wadogo wanaoingia Politekniki (fakalte ya uhandisi) hapa Lubumbashi wanauliza wachague kozi gani ili mizigo ilingane. Hapa kozi hazichaguliwi. Fakalte inabandika ratiba, unapewa kredi 30 kwa muhula, basi. Unachopanga ni saa zako. Kredi moja inahesabiwa saa 25 za kazi, kwa hiyo 30 ni saa 750. Gawa kwa majuma 15, unapata saa 50 kwa juma, darasani na nyumbani pamoja. Anayeishi Ruashi aongeze na za njiani. Wakubwa, leteni mnayoyajua.

Rula ya T
Kredi zinadanganya. Mchoro wa ufundi mara nyingi una kredi chache, lakini karatasi moja ya A3 yenye sura tatu za kifaa inakula saa 4 hadi 6, tena haikatwi vipande: ukiibandua na kuibandika upya, mistari haikutani. Ipe mchana mzima wa Jumamosi. Usiku umeme ukikatika unabaki na mshumaa, na kwa mshumaa mstari wa milimita 0.25 na wa 0.5 ni ndugu mapacha. Anza na penseli 2H (ngumu, mstari hafifu), koleza na HB (laini zaidi), wino mwisho kabisa. Na lile kosa la kila mwaka: katika mfumo wa Ulaya, sura ya juu inachorwa CHINI ya sura ya mbele. Ukikosea hapo unarudia karatasi yote, na juma limekwenda.

Yaya wa Analizi
Tazameni nani anamtangulia nani. Fizikia inaanza na mwendo, na hapo kasi tayari ni derivata, yaani kipimo cha jinsi kitu kinavyobadilika, somo la Analizi. Kama Analizi imewekwa nyuma ya Fizikia, usiingoje: derivata za xⁿ, sin na cos, halafu integrali zake, jioni 5 au 6 zinatosha. Analizi na Aljebra msiziweke jioni moja, zinachosha kichwa palepale. Analizi na Kemia zinakaa vizuri pamoja.

Mgeni wa Bukavu
Yaya, huku shida ni kozi za bloku. Profesa anatoka mbali, saa 45 anazimaliza kwa siku 6, yaani saa 7 na nusu kila siku. Kozi ya kredi 3 ni saa 75. Zile 30 za kujisomea zinaingia wapi?

Yaya wa Analizi
Kabla na baada. Tafuta silabusi ya promosyo iliyopita (wanafunzi wa mwaka uliotangulia), fanya saa 10 za mazoezi (mazoezi, si kusoma nadharia) kabla profesa hajafika. Ndani ya bloku, saa moja kila jioni ya kupanga noti za siku, zaidi ya hapo utasinzia darasani. Zile 14 zinazobaki ziweke kati ya mwisho wa bloku na mtihani. Na ripoti za TP (kazi za vitendo za maabara) zisiwepo mezani juma hilo.

Mgeni wa Bukavu
Aksanti, yaya.

Asistanti wa TP
Ripoti iandikwe ndani ya siku 2. Ikipita wiki, hakuna anayekumbuka kwa nini kipimo cha tatu kiko mbali na vingine, na kurudia TP si rahisi. Kwa pendula pimeni mizunguko 20 kisha mgawe: kidole kikichelewa robo ya sekunde, kosa kwa mzunguko mmoja linakuwa dogo sana.

Halafu msinakili ratiba ya rafiki. Aliyetoka shule ya ufundi ana mkono wa mchoro tayari, Jumamosi yake nusu aipeleke Analizi. Aliyetoka kemia-biolojia apunguze Kemia, aongeze jiometria ya michoro.

Mgeni wa Bukavu
Na aliyetoka biashara?

Asistanti wa TP
Trigonometria na limiti, saa 2 kila siku kwa majuma 3, kabla masomo hayajafunguliwa. Yakishafunguliwa, saa hizo hazipatikani tena.