Kipimo cha betri kinasema asilimia 89, lakini taa za trela zinafifia

Msafiri_Minnesota

Habari zenu ndugu, na shikamooni walionizidi umri. Ninaishi Minnesota, na mwaka huu nilinunua trela ya kusafiria iliyokwisha kutumika, yenye betri mbili za maji za volti 6, kila moja ikiwa na ampea-saa 220, zilizounganishwa kwa mfululizo ili kupata volti 12. Kwa kuwa vitaa vinne vya kijani vilivyomo ndani havinielezi chochote cha maana, nilinunua kipimo cha betri cha aina ile yenye shanti (kipande cha chuma ambacho umeme hupita juu yake ili upimwe) ya ampea 500 nikakifunga mwenyewe.

Mwezi wa kumi tulilala mara tatu kando ya Ziwa Superior, chini ya misonobari, bila kuchomeka umeme popote, hita ya gesi ikiwaka na kujizima usiku kucha. Alfajiri ya mwisho feni ya hita ilianza kuzunguka kwa uvivu, taa zikawa hafifu kama koroboi, na volti zilikuwa 11.7, ilhali kipimo kiliendelea kudai kwamba betri zina asilimia 89. Hita ikiwaka, kipimo kinaonyesha ampea 2.9 tu. Ujazo wa betri niliouingiza kwenye kipimo ni ampea-saa 440. Kwenye hasi ya betri kulikuwa na nyaya tatu: mweupe mnene niliouhamishia kwenye shanti, mweupe mwingine uliokazwa kwa bolti kwenye fremu ya trela, na mweusi mwembamba unaotoka kwenye kontrola ya sola (kifaa kinachosimamia chaji ya paneli), hizi mbili za mwisho sikuzigusa. Je, kipimo ni kibovu?

Fundi_Sola_Arusha

Ndugu Msafiri, kipimo chako ni kizima. Shanti ni kama mizani ya barabarani: inahesabu malori yanayopita juu yake, si yale yaliyokatiza njia ya panya. Umeme wa hita una njia mbili za kurudi kwenye hasi ya betri, kupitia waya mnene wenye shanti na kupitia fremu ya chuma, nao unagawanyika kufuatana na wepesi wa kila njia. Feni ya hita ya trela kwa kawaida hula ampea 7 hadi 8, hivyo zaidi ya nusu inapita bila kuhesabiwa. Sola nayo inaingiza umeme ambao kipimo hakiuoni kabisa.

Dawa yake ni kuhakikisha kwamba hasi ya betri inabaki na waya mmoja tu, mfupi na mnene, unaokwenda kwenye shanti, na nyaya nyingine zote, ule wa fremu, wa sola, na wa inveta ikiwa ipo, zihamie upande wa pili wa shanti. Waya mdogo mwekundu wenye fyuzi unabaki kwenye chanya ya betri, kwa maana ndio unaokilisha kipimo chenyewe. Kabla ya kushika spana, chomoa umeme wa nje, tenganisha paneli na kontrola, kisha fungua hasi kabla ya chanya.

Dereva_Mstaafu

Naongeza tahadhari moja kwa kuwa nimewahi kuunguza fyuzi kwa sababu hiyohiyo. Trela za Marekani hutumia mweusi kwa chanya na mweupe kwa hasi, lakini nyaya za sola hufuata desturi ya magari, ambapo mweusi ni hasi. Kwenye betri yako, basi, weusi wawili, wa trela ulio chanya na wa sola ulio hasi, wana maana zilizopingana. Usiamini rangi, pima kwa mita kila waya kabla ya kuuhamisha.

Ukimaliza, kuna jaribio ninalolipenda. Chomoa ile pini ya breki za dharura, ile inayowasha breki za sumaku trela ikichomoka kwenye gari, kwa sekunde chache. Sumaku ya kila gurudumu hula takriban ampea 3, kwa hiyo trela ya magurudumu manne itakuonyesha karibu ampea 12 papo hapo. Usiiache pini nje kwa muda mrefu, kwa kuwa sumaku hupata joto.

BintiPwani

Mmemsahihishia nyaya mkaacha hesabu. Betri zikiunganishwa kwa mfululizo, volti hujumlishwa, ampea-saa hazijumlishwi. Ujazo wako, kaka, ni 220, si 440. Feni ya ampea 7.5 ikifanya kazi saa tano kwa usiku hula karibu ampea-saa 37, na kwa usiku mitatu inafika 112 kabla ya kugusa taa. Ulishavuka nusu ya betri, na betri za maji hazipendi kushushwa chini ya nusu. Aidha, usikiwekee kipimo asilimia 100 mpaka betri zijae kwelikweli, yaani chaja iwe kwenye volti zake za juu huku ampea zinazoingia zikiwa zimeshuka chini ya 9 hivi, ambayo ni asilimia 4 ya ujazo wako.

Msafiri_Minnesota

Nawashukuru sana. Waya wa fremu ulikuwa na kutu chini ya bolti, nikausugua kwa msasa kabla ya kuuhamisha. Sasa hita inaonyesha ampea 7.4, na pini ya breki ilinipa 11.8. Nimeweka 220, na chaja imelala nayo usiku kucha. Limebaki swali moja: nimezima kila kitu, na bado kipimo kinaonyesha ampea 0.4 zikitoka.

Fundi_Sola_Arusha

Hivyo ni kigunduzi cha gesi inayovuja, saa ya redio na bodi ya friji, ambavyo havilali. Ni karibu ampea-saa 10 kwa siku, kwa hiyo ukiiegesha trela kwa majira ya baridi, fungua hasi ya betri kabisa.