Oscar 2024: Nimekesha kusubiri majina, majina yenyewe wamegoma kuyasoma!

Wakuu, nina hasira na sitaki kupozwa.

Usiku wa kuamkia Jumatatu, Machi 11, sikulala. Tuzo za 96 za Oscar, zile kubwa za filamu za Marekani, zilikuwa zinarushwa mubashara kutoka Los Angeles. Kule ni Jumapili jioni, hapa Uyole, Mbeya, ni saa nane usiku, na mvua inapiga bati mpaka nikapandisha sauti ya TV na mtoto akaamka. Kifurushi cha king'amuzi nacho nilikipandisha kwa ajili ya usiku huo mmoja tu. Nikakaa zaidi ya saa tatu nikisubiri tuzo kubwa kuliko zote, Filamu Bora. Akatoka mwigizaji Al Pacino kuitangaza. Mzee wa heshima zake, nikajiweka sawa kwenye kochi. Filamu 10 zinawania. Mtu unategemea zitajwe moja baada ya nyingine, kila kundi lipigiwe makofi yake, moyo udunde kidogo, ndipo bahasha ichanwe.

Mzee kafika, kachana bahasha. Eti macho yake yanaona Oppenheimer. Basi, imeisha hiyo.

Hata mle ukumbini watu walipigwa butwaa, makofi yakaja kwa kujikongoja. Shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, tulikuwa tunaangalia naye. Akanigeukia: "Shem, hiyo ndiyo imeshinda au ndiyo anaanza kuzitaja?" Nilikosa cha kumjibu.

Niwaeleze kwa nini limeniuma. Kazi yangu ni kuwaingizia watu muvi kwenye flashi pale Mwanjelwa (mada ya hakimiliki msinianzishie, ina nyuzi zake humu). Jumatatu ya Oscar wateja hawaji kuuliza ipi imeshinda. Hilo wameshaliona kwenye simu, na Oppenheimer wenyewe walishaimaliza tangu mwaka jana. Wanauliza, "Braza, zilikuwa zipi na zipi?" Utamu wote uko kwa zilizokosa. Nani hapa Mbeya aliijua Past Lives? Nani aliijua Anatomy of a Fall, ya Kifaransa, ile ya mwanamke anayesimamishwa kizimbani baada ya mumewe kuanguka nje ya nyumba yao na kufa? Muvi kama hizo hazina mabango barabarani. Nafasi yao ya kutamkwa dunia nzima ikisikiliza ni hapo tu, na hapo ndipo waandaaji walipoona pa kubana matumizi.

Angalieni na jinsi zilivyotoka. Killers of the Flower Moon iliwania vipengele 10, haikuambulia hata kimoja. Maestro vipengele 7, patupu. Oppenheimer imebeba 7, haya, hongera zao, na mwongozaji wake Christopher Nolan ameisubiri hiyo tuzo muda mrefu, sina ubishi. Lakini waliokesha na suti zao kusubiri dakika ya mwisho, wameondoka hata bila kusikia wameitwa!

Nenda kwenye sendoff yoyote hapa mjini. MC akiruka jina la shangazi mmoja tu kwenye waliochangia, wimbo utazimwa, maiki itachukuliwa na mtu atasimama kudai haki ya shangazi. Na pale ni ukumbi wa watu mia tatu. Hawa wana dunia nzima, wanaruka tisa kwa mpigo.

Najua kuna mtu anakimbilia kuandika kwamba mzee amezeeka. Sio kosa lake. Al Pacino alitoa taarifa kwamba uamuzi ulikuwa wa waandaaji: majina yasirudiwe kwa kuwa kila filamu ilishaoneshwa kipande chake usiku uleule. Akasema anaelewa kwamba kutotambuliwa kikamilifu kunaumiza. Kwa hiyo mzee mwacheni. Kesi yangu ni ya waliompa ile bahasha.

Wasiniambie muda ulikuwa umebana. Karibu na mwisho, Jimmy Kimmel, aliyekuwa anasherehesha kwa mara yake ya nne, alisema mwenyewe kwamba wamepata kama dakika moja ya ziada. Mnajua aliifanyia nini? Alisoma maneno aliyoandika Donald Trump mtandaoni kumponda yeye Kimmel, halafu akamjibu kwa kumwuliza kama muda wake wa kwenda jela haujapita. Ukumbi ukacheka sana. Shem naye akacheka, sikatai. Ila dakika ilikuwepo! Majina ya filamu 10 yanasomwa kwa sekunde 20, hata ukiwa na kigugumizi.

Na kabla ya hapo muda ulichezewa mno. Mwanamieleka John Cena alitolewa jukwaani uchi, kajikinga na bahasha tu, kwenda kutangaza tuzo ya mavazi. Wanakumbushia yule jamaa aliyekatiza jukwaani uchi mwaka 1974, miaka 50 imetimia. Sawa, ni utani wao. Mama watoto alikuwa anapita sebuleni kwenda kumbembeleza mtoto, akakuta mwanaume hana nguo kwenye TV usiku wa manane, mumewe na mdogo wake wametulia kama wako ibadani. Mpaka leo sijamaliza kujieleza.

Kilichonichefua zaidi ni sehemu ya kuwakumbuka waliofariki. Andrea Bocelli na mwanawe Matteo waliimba, na waliimba haswa, hadi nikapunguza maneno kinywani. Lakini kamera ikarudi nyuma hukoo, ikatuonesha jukwaa zima na wacheza dansi wanajizungusha, marehemu wako kwenye skrini ya nyuma wadogo kama punje za ulezi. TV yangu ni inchi 24. Nilisimama, nikasogea mpaka pua inakaribia kioo, sioni kitu. Mwishoni wakamwaga majina kibao kwa wakati mmoja, maandishi membamba, yakapotea kabla sijamaliza hata mstari mmoja. Mtu amefanya kazi ya filamu maisha yake yote, amekufa, wenzake wanamuaga kwa herufi ambazo hata mwenye miwani hasomi, ili sisi tuone watu wanacheza dansi? Kamera walimpa nani?

Na wakitaka wanaweza. Tuzo za waigizaji usiku huo walileta washindi watano wa zamani kila kipengele, kila mmoja akamsemea mteule mmoja uso kwa uso. Lupita Nyong'o wetu (Wakenya tulieni, Afrika Mashariki ni moja usiku wa Oscar) alimsemea Da'Vine Joy Randolph, na dada wa watu machozi yakamtoka hata kabla hajajua kama ameshinda. Akashinda. Hiyo ndiyo tuzo. Wote watano walitajwa, wote walitazamwa, hakuna aliyekuwa pambo. Sasa ukijua kufanya hivyo saa nane na nusu, inakuwaje saa kumi na moja alfajiri umesahau?

Kuna la Bobi Wine. Filamu ya maisha yake na siasa za Uganda, iliyoongozwa na Moses Bwayo na Christopher Sharp, iliwania Filamu Bora ya Nyaraka (documentary). Mwenyewe alikuwepo ukumbini na mkewe Barbie. Hapa kwangu tulikuwa tunaisubiri hiyo kuliko kitu kingine. Kabla ya kutangaza, watangazaji wakaanza mizaha ya Jurassic Park, ile muvi ya dinosaria. Tunaongelea filamu za vita na watu kufungwa, nyie mna mijusi! Ikashinda ya Ukraine, 20 Days in Mariupol, na mwongozaji wake Mstyslav Chernov akasimama akasema huenda yeye ndiye wa kwanza kusema jukwaani pale kwamba anatamani asingeitengeneza filamu yake. Hapo sikuwa na kinyongo. Bobi Wine alikosa, lakini alisomwa. Tulisikia jina lake, shem akapiga vigelegele na jirani akagonga ukuta.

Ya Italia, Io Capitano, iliyowania Filamu Bora ya Kimataifa, siiongelei sana. Vijana wa Kisenegali ndio wamevuka jangwa lote, bendera iliyoandikwa ni ya Italia. Nitaifungulia uzi wake.

Kuna watakaosema, "We mtu wa Uyole, Oscar inakuhusu nini, lima viazi." Viazi nalima. Mwaka 2022 Tanzania ilipeleka Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, haikupenya. Ipo siku ya kwetu itapenya. Na tusidanganyane, zinaingia tano au kumi inashinda moja, kwa hiyo siku hiyo kuna uwezekano mkubwa tukakosa. Mtu aliyetoka Bongo mpaka Los Angeles, akakosa, atarudi na nini? Atarudi na zile sekunde mbili ambazo jina la muvi yake lilitamkwa na mama yake akalisikia kwenye TV. Ndizo hizo wanazozifuta. Halafu mnaniambia nisikasirike?

Jumatatu nimefungua kibanda macho mekundu. Orodha ya zile kumi nimeiandika mwenyewe kwa maka kwenye boksi la sabuni, nikaibandika mlangoni. Hadi mchana Past Lives ilishaondoka kwenye flashi kadhaa, na mzee mmoja wa Ilomba aliulizia The Holdovers kwa sababu tu ameiona pale.

Mwenye TV kubwa huko Forest Mpya aliyefanikiwa kuisoma ile orodha ya mwisho ya marehemu, aiweke hapa. Na anayekuja kuniambia nikalale, aanze kwa kunitajia zile filamu kumi bila kuchungulia mtandaoni.