Mjadala: Rilativiti iondolewe mwaka wa kwanza kwa walimu watarajiwa wa fizikia?

Maalim wa Chake: Assalaam alaykum nyote. Kozi ya mekanika ya mwaka wa kwanza inamalizia na rilativiti maalumu, nadharia ya Einstein ya muda na mwendo wa kasi kubwa mno. Mie nasema wiki hizo zirudishwe kwa Newton. Vijana hawa ndio watakaofundisha skuli zetu za Unguja na Pemba. Weka kitabu juu ya meza, muulize mmoja wao kani zake. Atachora uzito, atachora kani ya meza, kisha ataapa kuwa hizo ndizo jozi ya kanuni ya tatu ya Newton, kani na kani ya kuijibu. Wapi! Jozi ya uzito ni kitabu nacho kuivuta dunia. Hajalijua hilo, unamkimbiza kwenye kasi ya mwanga, na mtihani ukifika anabandika namba kwenye fomula basi.

Binti Tunguu: Waalaykumu salaam, maalim. Kosa hilo lipo, silibishi, ila halikuletwa na rilativiti. Kabla ya Einstein na 1905 yake kuna Galileo, 1632: ndani ya chumba cha meli inayokwenda sawasawa, hakuna jaribio la mekanika litakalokwambia kama mnakwenda au mmetia nanga. Angusha funguo kwenye boti ya Pemba bahari ikiwa shwari, zinaanguka miguuni pako, hazibaki nyuma. Hiyo si mekanika? Einstein alikataa tu kuuacha mwanga nje ya kanuni hiyo. Na hesabu yenyewe ni Pithagorasi ya sekondari: chombo kikienda kwa asilimia 60 ya kasi ya mwanga, saa yake ikipiga sekunde 10, sisi tunahesabu 12.5. Maabara haihitajiki, na maabara zetu mnazijua.

Fundi Simu Darajani: Na GPS je, ile ya setilaiti inayokuonyesha ulipo? Mvuvi wa Mkoani anarudi kwenye mwamba wake kwa hiyo. Bila Einstein, kosa lingekuwa linaongezeka kama kilomita 10 kila siku.

Maalim wa Chake: Hapo umenisaidia mie, ndugu yangu. Mwendo wa setilaiti unaichelewesha saa yake kama maikrosekunde 7 kwa siku. Uvutano kuwa dhaifu kule juu unaiharakisha kama 45. Hilo kubwa ni la rilativiti ya jumla, nadharia ya Einstein ya uvutano, ambayo si ya mwaka wa kwanza. Mkitaka mfano safi chukueni miuoni, chembe ndogo mno ziendazo karibu na kasi ya mwanga: zinazaliwa kama kilomita 15 juu, wastani wa umri wake ni maikrosekunde 2.2. Kwa saa ya Newton, miuoni ya kawaida ingeishia mita 660 hivi. Mbona tele zinatufikia huku chini? Kwa sababu saa yake, kwa mwendo huo, tunaiona inachelewa.

Binti Tunguu: Mfano mtamu hivyo, maalim, halafu unataka ufutwe! Ibaki wiki mbili, ianzie kwenye boti. Na mchoro wa kani uwe sharti: asiyeuweza asivuke kozi.

Maalim wa Chake: Sharti nalipokea. Lakini mwanangu, wiki mbili unazikata wapi? Kwenye mzunguko wa vitu vigumu? Huko ndiko wanakoanguka zaidi.

Fundi Simu Darajani: Si mkate marudio ya fomula za kidato cha sita? Hizo wamekuja nazo.

Maalim wa Chake: Wamekuja nazo kichwani. Kwenye mchoro hazimo.