Land Rover ya zahanati: irudi kijani ya kiwandani au ibaki nyeupe tuliyoizoea?

MwanaRungwe: Wakuu, habari za leo. Ile Land Rover 109 iliyokuwa ikishusha wagonjwa Tukuyu bado iko chini ya miparachichi nyuma ya zahanati ya zamani. Wananchi tumechangishana ifufuliwe, isimame pale mbele iwe kumbukumbu. Wote tunaijua ni nyeupe. Juzi fundi kapiga msasa mlango wa dereva: chini ya nyeupe kuna bluu, chini ya bluu kuna kijani kile kizito. Kamati imegawanyika. Naomba hoja, siyo matusi.

Kihesa_109: Kamwene. Hapa sioni hata cha kujadili. Angalieni taa. Kama bado ziko katikati kwenye sho ya mbele, hazijahamia kwenye madigadi, hiyo ni ya miaka ya sitini, na kijani hicho ndicho ilichotoka nacho kiwandani Solihull, Uingereza. Sampuli msichukue mlangoni, jua limeshaila. Fungueni nyuma ya dashibodi au chini ya siti, pigeni msasa wa maji taratibu mpaka pete za rangi zijitokeze moja moja. Hapo mtapata kijani ambacho hakijawahi kuona mwanga. Kwenye kadi za rangi za Uingereza kinakaribiana sana na BS 381C namba 224, duka lolote lenye mashine linawachanganyia. Paa na rimu ziwe nyeupe ya chokaa. Bampa msiipake kitu, kiwandani ilichovywa zinki basi. Na tafadhali msimpe fundi wa Mwanjelwa, huko Mbeya, anayechanganya rangi kwa jicho na maombi.

FundiRangi_Mafiati: Ulianza vizuri, mwisho ukaharibu. Mwanjelwa imekukosea nini? Mashine inasoma ulichoiwekea. Ukiiwekea bati lililopauka inakupa fomula ya mpauko, na hela unalipa. Jicho ndilo linaloona kwamba kijani kimezidi weusi au kimeegemea njano. Halafu nyie wa Kihesa, gari zenu za Iringa nazijua, nimezirudia nyingi. Boneti imepulizwa asubuhi, milango jioni, ukiisimamisha juani utadhani za gari mbili.

Kihesa_109: Nimesema nyuma ya dashibodi, hakujapauka. Soma kwanza.

FundiRangi_Mafiati: Nimesoma. "Jicho na maombi" nimesoma pia.

BintiKiwira: Naomba kuuliza, hiyo kijani ni ya nani? Mdogo wangu alizaliwa ndani ya gari hiyo kabla hawajafika Tukuyu, na mvua ya kwetu mnaijua. Bibi mpaka leo anamwita Landrova. Watu walisimama barabarani na mgonjwa kwenye machela wakitafuta kitu cheupe kwenye ukungu. Kijani alisubiri nani? Pakeni nyeupe, na msalaba mwekundu mlangoni kama zamani.

Wakili_wa_Mtaa: Nyeupe sawa, msalaba mwekundu msithubutu. Nembo hiyo inalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949. Siyo pambo la kila zahanati.

Mzee_Chunya: Yaani watu watoke Geneva waje Rungwe kukagua mlango wa gari bovu?

Wakili_wa_Mtaa: Mzee wangu, sheria haingoji mtu apande ndege. Nchi iliyosaini imejifunga yenyewe.

BintiKiwira: Kaka, mimi nimeleta habari za uzazi, wewe umeniletea vita.

Wakili_wa_Mtaa: Dada, nembo yenyewe ilianzia vitani.

Mzee_Chunya: Haya. Vijana mnapoteza muda na rangi. Enzi zetu gari tulilipima kwa mwendo. Shankland alichukua mbio za magari za Safari 1968 na Peugeot 404, limejaa tope hata rangi hulioni, na watu walishangilia.

Kihesa_109: Shikamoo mzee. 1968 ni Nowicki. Shankland alishinda 1966 na 1967.

Mzee_Chunya: Marahaba. Shankland alikuwa mtu wa Dar, wetu kabisa. Mimi 68 nilikuwepo, wewe ulikuwa wapi?

Kihesa_109: Sikuwa nimezaliwa mzee, lakini Nowicki alikuwa.

MwanaRungwe: Jamani, mada.

Jicho_la_Kata: Mada ninayo mimi. Bodi ya hiyo gari ni alumini, haishiki kutu kama bati. Chesisi ni chuma. Na mvua zote hizo, nani ameingia chini akaigonga na nyundo? Mtapaka kijani, mtapaka nyeupe, mkiinyanyua na jeki ikatike katikati. Na mapato ya michango yatasomwa lini?

MwanaRungwe: Mhazini ni shemeji yangu. Kama una neno, liseme lote.

Jicho_la_Kata: Sikujua ni shemeji yako. Sasa nimejua.

MwanaRungwe: Risiti zote zipo. Hata za msasa zipo.

Jicho_la_Kata: Za msasa siulizi.

BintiKiwira: Hapo shemeji ameingia, kijani tumekisahau.

FundiRangi_Mafiati: Mimi sijakisahau. Kamati nisikilizeni: rangi yoyote mtakayochagua, wekeni kwanza praima ya alumini. Ukipuliza juu ya praima ya kawaida, msimu mmoja tu inabanduka vipande kama ganda la kitunguu. Halafu hizi rangi za hadina, zinazochanganywa na dawa ya kuzikausha, za siku hizi zinang'aa kupita kiasi. Land Rover hazikutoka kiwandani zinang'aa kama kioo. Fundi apunguze mng'ao, hilo jirani yangu wa Kihesa halikumjia kichwani.

Kihesa_109: La mng'ao nakubaliana nalo asilimia mia. Na wewe ukipuliza hizo za hadina vaa barakoa ya kuvutia hewa safi kwa mpira. Nimeona mafundi wenu wanajifunga kitambaa. Ile sumu inaingia kwenye mapafu hivihivi.

FundiRangi_Mafiati: "Mafundi wenu" tena. Basi njoo Mafiati na kipande chochote chenye hiyo kijani yako ya nyuma ya dashibodi. Nitachanganya kwa jicho, bila mashine, nipulize kwenye bati, tuviweke pamoja nje. Ukiona mpaka kati yake na yangu, kazi ya hiyo Land Rover naifanya bure.

Jicho_la_Kata: Bure! Mhazini asikie.

Kihesa_109: Nakuja. Ila tusiangalie ndani kwenye taa ya tyubu. Rangi mbili zinaweza kufanana kwenye taa, mkitoka juani zikatengana.

FundiRangi_Mafiati: Nimesema nje. Saa sita mchana.

Kihesa_109: Saa sita hapana. Jua la utosini linamwaga mng'ao, linaficha tofauti. Saa nne asubuhi, kivulini, tena bati lako likauke usiku kucha kwanza.

FundiRangi_Mafiati: Saa nne nipo kazini. Wengine tunazo kazi.